Mbuga ya Upande Huu wa Fensi

Kwenye chumba cha tatu cha vyumba vya kupangisha vya shangazi yangu, pale bondeni Voi, ukuta una mistari miwili ya kahawia. Wa juu unanifika kifuani, nao ni wa El Niño ya 1997. Wa chini unanifika gotini. Huo ni wa mvua za mwisho wa 2023. Shangazi ameshapaka rangi juu yake mara nyingi kuliko anavyokumbuka: kwanza chokaa, halafu rangi ya maji, halafu ile ya mafuta ya bei ghali. Mistari hukaa kimya miezi michache kisha hujitokeza tena, kama doa la chai kwenye kitambaa. Mpangaji mpya akiuliza, anaambiwa ni unyevu tu.

Nilikuwa nimekaa kuandika kuhusu kitabu kimoja na filamu moja zinazohusu kwetu, Taita Taveta. Ni kazi niliyoiahirisha tangu mwaka jana. Lakini kila nikifungua kompyuta, ule ukuta unaingia katikati, kwa hiyo nimeuacha uingie. Nitausoma pamoja na hayo mengine.

Ukitoka Voi ukaenda kusoma Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni la simba. Hawawasumbui? Mnalala vipi? Hakuna mtu anayeuliza kuhusu mto, ilhali mji wenyewe una jina moja na mto. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba aliyepiga kambi kando ya maji haya. Kuna wanaosema hiyo ilikuwa miaka mia nne iliyopita, jambo linalonichekesha, maana Kivoi tunayemjua kwenye historia, yule aliyesafiri na mmishenari Krapf, aliuawa 1851. Hadithi za aina hiyo hazina kalenda. Ila kuna kitu kimoja ndani yake ambacho kila msimulizi hukiacha palepale: mtu alisimama hapa kwa sababu kulikuwa na maji.

Lile swali la simba tuliletewa na kitabu. Kinaitwa The Man-Eaters of Tsavo, kimeandikwa na John Henry Patterson na kilitoka 1907. Utakuwa umesikia habari zake hata kama hujakisoma: simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, wengi wao Wahindi, mpaka kazi ikasimama, na Mwingereza mmoja mwenye bunduki akawaua wote wawili Desemba ya mwaka huohuo. Ngozi zake baadaye aliziuzia makumbusho ya Field kule Chicago, ambako bado wamesimamishwa ndani ya kioo.

Nilikisoma nikiwa na miaka ishirini na moja, na kwa kweli kinasisimua. Patterson anajua kukuweka juu ya mti usiku, masikio yamesimama. Lakini nilipokirudia mwaka jana niligundua kitu ambacho kinaonekana wazi kabisa ukishakiona. Patterson hakutumwa Tsavo kuwinda. Alitumwa kujenga daraja. Tsavo ni mto! Kila kitu kinachotokea katika kitabu kinatokea pale kwa sababu ya mto: misafara ya zamani ilivukia pale, kambi za reli ziliwekwa pale, wanyama walikunywa pale, simba walijificha kwenye kichaka kizito cha kingo zake. Huo ukanda wa kijani katikati ya nyika ndio uliowakutanisha wote. Ila kwa mwandishi, mto ni kikwazo cha kuruka kwa chuma na mawe, na kichaka chake ni giza la kuwafichia maadui. Ukishajenga daraja, mto umekwisha kazi yake kwenye hadithi. Filamu ya 1996, The Ghost and the Darkness, ilimaliza kabisa shughuli hiyo: ilipigwa Afrika Kusini. Mto unaouona kwenye skrini si hata wetu.

Sasa linganisha na filamu ya Alan na Joan Root, Mzima: Portrait of a Spring, ya 1972. Hii naipenda, na sitajifanya vinginevyo. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi. Maji yake ni mvua iliyozama kwenye miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu na kujitokeza chini, safi kama kioo. Akina Root waliingia majini na kamera. Unamwona kiboko akitembea kwenye sakafu ya dimbwi taratibu, kama mtu anayecheza dansi katika ndoto, na samaki wakimfuata wakimsafisha ngozi. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, hurudi na kunya majini mchana, na kinyesi hicho hulisha viumbe wadogo ambao hulisha samaki ambao hulisha ndege na mamba. Sijaona mhadhara wala bango la kampeni lililonieleza vizuri zaidi kwa nini mahali pa majimaji ni karakana na si shimo. Hakuna taka mle. Kila kitu ni chakula cha mwingine.

Lakini nilipomaliza kuitazama sikuwa nimefikiria bomba hata mara moja. Filamu ilipotoka, bomba la kupeleka maji ya Mzima Mombasa lilikuwa limefanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi. Maji yale yale ninayoyashangaa kwenye skrini yalikuwa yanapikiwa chai Tudor na Majengo, baada ya kupita kwenye nchi ya watu wanaobeba mitungi. Waulize wazee wa Taita kuhusu Mzima. Watakuambia habari za bomba kabla ya kiboko.

Joan Root mwenyewe, baada ya miaka ya kutengeneza filamu, aliishi Naivasha na kujiingiza katika kulitetea lile ziwa, lenye wavuvi na mashamba ya maua na mitaa iliyojaa wafanyakazi. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2006. Mara nyingi nawaza tofauti ya maeneo hayo mawili katika maisha yake. Mzima ulikuwa na ua na askari. Ungeweza kuweka kamera na kusubiri. Naivasha palikuwa na watu, na mahali penye watu kamera peke yake haitoshi.

Basi hizo ndizo hadithi mbili tulizopewa. Katika moja maji ni kikwazo, katika nyingine ni mandhari. Zaidi ya asilimia 60 ya kaunti yetu iko ndani ya Tsavo Mashariki na Magharibi, kwa hiyo labda si ajabu kwamba kila mwenye kalamu au kamera aliangalia upande ule. Lakini chukua Mto Voi wenyewe. Unaanzia milima ya Taita, unashuka, unapita mjini kwetu, kisha unaingia Tsavo Mashariki, ambako mwaka 1952 ulijengewa bwawa la Aruba. Leo watalii wanakaa pale na darubini wakihesabu ndovu. Maji yaleyale. Yakiwa Aruba ni kivutio, yakiwa Voi ni mtaro. Pampers iliyotupwa nyuma ya nyumba zetu mwezi wa Novemba ina njia ya wazi kabisa ya kwenda kuonana na ndovu.

Hapa nitasimama kwenye neno moja, mnisamehe.

Neno la kiserikali la mahali kama pale kwa shangazi ni "ardhi oevu". Nililisoma kwa sauti mbele yake siku moja nikiwa na gazeti. Akacheka. "Aah, wewe mwanangu! Ardhi oevu ndiyo nini tena? Mimi nakaa bondeni. Maji yakija nayapisha, yakienda narudi." Neno si baya, limeundwa kwa uangalifu na linaeleweka ukilifikiria. Tatizo lake ni kwamba halina mtu ndani. Hakuna aliyezaliwa kwenye ardhi oevu. Hakuna aliyechezea mpira ardhi oevuni.

Na lugha yetu ilikuwa na neno! Mbuga. Leo ukisema mbuga kila mtu anaona lango, tiketi na gari la paa wazi. Lakini mbuga ni jina la zamani la bonde tambarare lenye udongo mweusi mzito, ambao wakati wa mvua hushika maji na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka. Wataalamu wa udongo Afrika Mashariki bado wanalitumia kwa maana hiyo katika vitabu vyao vya Kiingereza, bila kulitafsiri. Mahali hasa pa aina hiyo ndipo Voi imejengwa pembeni yake na, kwa sehemu, juu yake. Kisha ikaja hifadhi ya wanyama, mwaka 1948, na taratibu neno likahamia upande wa pili wa fensi ya stima. Sasa upande ule ni mbuga na inalindwa. Upande huu ni ploti.

Usifikirie ziwa. Ukanda ninaouzungumzia, kwa miezi mingi ya mwaka, ni nyasi kavu, mikuyu michache, mbuzi, visima vifupi vya kuchimba kwa jembe, bustani za sukuma na mchicha za akina mama, na malori yanayochukua mchanga. Halafu mvua inanyesha milimani Taita, labda Voi hata tone halijaanguka, na usiku unasikia mngurumo. Bonde linajaa. Likiachiwa nafasi linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: linapunguza mbio za maji, linaacha tope lake lituame, na linayazamisha ardhini ili vile visima viwe na kitu Februari. Likijazwa vifusi na kuta, maji hayaghairi safari. Yanapanda ukuta wa chumba cha tatu.

Nani alimuuzia shangazi ploti pale? Haijalishi hapa, na hata yeye hana kinyongo naye. Alinunua kwa pesa za marehemu mume wake, miezi ya kiangazi. Ploti za bondeni huuzwa kiangazi. Akapata karatasi ya mauzo yenye muhuri, akajenga viwili, baadaye vinne. Vyumba hivyo vilinilipia karo ya sekondari. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ninayeandika haya nimekula nini.

Kitabu cha tatu, basi. Ni sheria.

Najua, hakuna anayesoma sheria kama fasihi, lakini hebu tujaribu. Kanuni za kusimamia maeneo oevu na kingo za mito zilitolewa 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Zinasema ukingo wa mto ulindwe kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30 kila upande, kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Soma tena neno la mwisho. Kilichorekodiwa. Na nani? Mtenda hayupo. Mwalimu wangu wa fasihi alituambia ukiona kitenzi kimefichiwa mtenda, simama hapo uchimbe. Mstari mzima wa ulinzi unategemea rekodi, na kwa mji mdogo wenye mto wa msimu, rekodi ya mafuriko iko wapi? Iko kwenye kuta, chini ya rangi ya mafuta. Iko kwa yule mzee anayekuonyesha mkuyu uliokwamiwa na mbuzi aliyekufa maji. Kila mwenye rekodi ana sababu nzuri ya kuificha, kwa sababu rekodi yake ndiyo itakayombomolea nyumba.

Halafu kuna suala la nani mwandishi. Chini ya Katiba ya 2010, mito na maziwa ni ardhi ya umma inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa. Mifumo ya maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa, pamoja na huduma za maji na usafi, ni kazi ya kaunti. Hifadhi ya Tsavo iko chini ya shirika la wanyamapori la taifa. Kwa hiyo tone moja la mvua Voi likianguka juu ya bati ni la shangazi, likiingia mtaroni ni la kaunti, likifika mtoni ni la taifa, likipita chini ya fensi ni la ndovu. Kila mmoja ana sura yake na hakuna mwenye kitabu kizima. Anayekaribia zaidi ni manispaa. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inautaka mji wa aina hiyo uwe na mpango wa maendeleo uliounganishwa, na inawapa wakazi haki ya kushiriki katika kuuandaa. Voi ni manispaa. Yaani kuna mahali, kisheria, ambapo hadithi ya bonde inaweza kuandikwa kwa ukamilifu: mstari wa mafuriko uchorwe kwenye ramani ya mji, mabonde yanayobaki wazi yatajwe kwa majina yanayotumika na watu, mitaro ielekezwe yanakoweza kutulia badala ya kutumbukizwa mtoni moja kwa moja, mchanga uchotwe kwa zamu na mahali palipopimwa. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji muujiza. Yanahitaji mwandishi anayeishi hapo.

Tusidanganyane kwamba kuandika kunatosha. Katiba ya Uganda ya 1995 inayataja maeneo oevu waziwazi, na kusema serikali kuu au serikali ya mtaa itayashikilia kwa niaba ya wananchi. Kenya hatuna sentensi nzuri kama hiyo. Lakini Kampala, bwawa la mafunjo la Nakivubo, linalosafisha maji machafu ya jiji kabla hayajaingia kwenye ghuba ambako jiji hilohilo huchota maji ya kunywa, limeendelea kukatwa, kulimwa mayuni na kujengwa. Sentensi nzuri, bwawa dogo.

Kigali ndiyo inayotajwa kila mahali sasa. Bustani ya Nyandungu, zaidi ya hekta 120 za bonde lililokuwa limeharibika, ilifunguliwa kwa umma 2022, na mwaka huohuo jiji likapewa hadhi ya kimataifa ya mji wa maeneo oevu chini ya Mkataba wa Ramsar. Picha zake zinavutia: njia za baiskeli, vidimbwi, ndege. Nikizitazama napata wivu wa kweli. Kisha naanza kutafuta watu waliokuwa nje ya fremu. Mwishoni mwa 2019 nyumba za walioishi kwenye maeneo oevu ya jiji lile zilibomolewa, wengine wakilalamika kwamba walipewa muda mfupi mno. Mbuga imerudi mjini, sawa, lakini imerudi na fensi yake.

Na sisi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 Nairobi, matingatinga yaliingia Mathare na Mukuru, na matatu nzima ikajifunza neno moja la Kiingereza la ukingo wa mto. Mita thelathini! Kila mtu alikuwa na mita thelathini mdomoni. Nilikuwa Nairobi wakati huo. Nilimpigia shangazi simu usiku, akaniuliza swali moja tu: "Hizo mita zinaanzia wapi?" Sikuwa na jibu. Ukirudi kwenye kanuni, ni swali sahihi kuliko yote niliyosikia wiki ile, redioni na bungeni.

Kama ulisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei shuleni, utamkumbuka Lunga. Akiwa mwanafunzi ndiye aliyepiga kelele za kutunza mazingira. Ukubwani, maisha yakamsukuma mpaka akawa miongoni mwa wanaoumaliza Msitu wa Mamba, na akafukuzwa huko na wenzake. Kwenye mtihani tuliandika "kinaya", tukapata alama mbili, tukasonga mbele. Leo naona riwaya ile ilikuwa inasema jambo gumu zaidi ya kinaya. Inakataa kukuruhusu uwe upande wa miti peke yake au upande wa watu peke yao. Lunga hakuwa mnafiki. Alihitaji mahali. Malalamiko yangu ni moja: tuna msitu katika fasihi yetu ya darasani, tuna kisima katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, tuna soko chafu lisilosafishwa ilhali kodi inalipwa katika Kigogo ya Pauline Kea. Bonde la mjini, lenye wapangaji, vyura, mama mboga na MCA anayekuja na gumboots siku ya kamera, bado halijapata mwandishi wake.

Au labda lilimpata, na hakuitwa mwandishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa mmoja wa Voi unaoitwa Tanzania-Bondeni (angalia jina) ulikuwa wa maskwota, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, ikiwemo ya shirika la reli. Uliingizwa kwenye mradi wa kuendeleza miji midogo ulioendeshwa na Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na shirika la Ujerumani GTZ, halmashauri ya mji ikihusika. Njia ya kawaida ilikuwa kumpa kila mtu hati yake, naye aiuze wiki ijayo kwa mwenye pesa. Wakazi walielezwa njia mbalimbali, wakajadiliana, wakachagua isiyo ya kawaida: ardhi iwe ya wote kwa pamoja, chini ya amana ya jamii, na kila mtu amiliki nyumba yake aliyoijenga juu yake. Unaweza kuuza kuta, huwezi kuuza udongo. Ilikuwa kitu kipya kabisa nchini. Watafiti kutoka ng'ambo wameandika makala juu yake. Sisi tuliosoma shule za palepale Voi hatukutajiwa hata siku moja. Mambo hayakwenda yote kwa ulaini, na amana ile imekuwa na matatizo yake ya uongozi na ya wanaotaka hati za binafsi. Lakini kama maandishi, kama wazo lililoandikwa na watu wa kawaida wa mji wetu kuhusu namna ya kukaa mahali pamoja, naiweka juu ya Patterson bila kusita.

Naifikiria kwa sababu inajibu sehemu ya swali la shangazi ambayo kanuni za 2009 hazigusi. Kanuni zinajua umbali tu. Hazijui kubadilishana. Ikiwa ardhi ya juu, nje ya bonde, ingeshikiliwa kwa pamoja na watu wa bondeni wakapewa nafasi humo kwa masharti ya kwamba haiuzwi, basi kumwambia mtu ahame kungekuwa na maana nyingine. Na bonde lenyewe lingeweza kubaki mikononi mwa walewale kama bustani na malisho, kwa sababu mchicha haujali maji ya siku tatu. Kinachojali ni kitanda na redio. Wazee wa Kitaita walikuwa na fighi, vile vichaka vitakatifu ambavyo havikukatwa, na havikulindwa kwa fensi. Vililindwa kwa sababu kila ukoo ulijua ni vya nani na vinafanya kazi gani. Siwatamani wahenga, na siamini kiapo kitazuia lori la vifusi saa nane za usiku. Natamani ule ujuzi wa kazi. Ukimuuliza kijana wa Voi leo bonde linafanya kazi gani, atakuambia linangoja kujengwa.

Niliporudi nyumbani mara ya mwisho nilibeba futi ya fundi, ile ya kuvuta. Nilimwambia shangazi nataka kupima ile mistari, niandike tarehe na vimo, na nikiweza nipime pia kwa majirani, mpaka tuwe na orodha ya nyumba thelathini hivi ambayo mtu anaweza kuipeleka siku mpango wa mji utakapojadiliwa. Alinisikiliza akichambua kunde. Akaniuliza kama nitaandika majina. Nikamwambia hapana, vimo tu. Akaniuliza kama wakiona mstari wa kifuani watasema hapa pasikae mtu. Nikamwambia inawezekana.

Alichambua kwa muda mrefu. Kisha akasema cha tatu kina mpangaji, nisubiri arudi kazini ndipo tubishe hodi, na kwamba mstari wa 1997 ninaouona siyo wa juu kabisa. Wa juu kabisa uko nyuma ya kabati la chumbani kwake. Aliusogeza ukutani mwaka ule ule, na hajaliondoa tena.

"Njoo unisaidie kulivuta," akasema. "Lina uzito."